Shajara ya mradi: kuondoa mafuta kwenye ini kwa chakula na mazoezi, wiki ya 0 hadi ya 52

Wiki ya 0: vipimo vya kuanzia

Mradi wa ini hauanzii jikoni, unaanzia kwenye vipimo. Asiye na namba za siku ya kwanza hataweza kusema baada ya miezi mitatu kama ini linapona au la, kwa sababu ini lenye mafuta kwa kawaida haliumi wala halitoi taarifa.

Namba za mwili katika shajara hii ni za mfano, zimechaguliwa ili hesabu ionekane hatua kwa hatua. Mhusika ana miaka 47, urefu wa sentimita 168, uzito wa kilo 92.0 na kiuno cha sentimita 108. Ultrasaundi imeonyesha ini linalong'aa kuliko kawaida, dalili ya mafuta. Damu imetoa ALT 64 na AST 48, vimeng'enya vinavyovuja kwenye damu ini likiumia, na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) 220, yaani elfu 220 kwa mikrolita moja.

Kiuno hakipimwi pale mkanda wa suruali unapokaa. Gusa ubavu wa mwisho kwa kidole, gusa ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, weka alama katikati yake. Zungusha utepe ukiwa umelala sawa, toa pumzi kwa kawaida, ndipo usome. Anayevuta tumbo ndani siku ya kwanza anajipunja mwenyewe: kipimo kijacho kitaonyesha kama vile hakuna kilichofanyika.

Kisha hesabu ya FIB-4, inayokadiria kama ini tayari lina makovu makubwa. Zidisha umri kwa AST: 47 × 48 = 2,256. Tafuta kipeuo cha pili cha ALT, ambacho kwa 64 ni 8, zidisha kwa chembe sahani: 220 × 8 = 1,760. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata 1.28. Chini ya 1.3 uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo, juu ya 2.67 ni mkubwa, na katikati hapo mtu anahitaji kipimo cha ugumu wa ini. Kwa aliyevuka miaka 65 mpaka wa chini unakuwa 2.0, na kwa aliye chini ya miaka 35 hesabu hii haitegemeki. Mhusika amepita chupuchupu. Tunaiandika namba hiyo kwa wino mzito, maana itarudi.

Kabla ya kulaumu chakula, daktari anaondoa sababu nyingine: homa ya ini B na C, pombe, na dawa zinazojaza mafuta kwenye ini au kuliumiza, kama tamoksifeni, amiodaroni, methotreksati na steroidi za muda mrefu. Sukari ya damu, lehemu na shinikizo la damu vinapimwa siku hiyo hiyo. Hilo si jambo la pembeni. Wenye ini lenye mafuta hufa zaidi kwa maradhi ya moyo na mishipa kuliko kwa ini lenyewe.

Jina nalo linachanganya watu. Tangu 2023 wataalamu wanauita ugonjwa huu MASLD badala ya NAFLD. Ukikuta karatasi moja ina jina hili na nyingine lile, usidhani umepata ugonjwa wa pili.

Malengo yameandikwa kwa kilo. Kupunguza asilimia 5 ya uzito ni kushuka hadi kilo 87.4, na kwa watu wengi hapo mafuta kwenye ini yanaanza kupungua kwa kiasi kinachopimika. Asilimia 7 ni kilo 85.6, ambapo uvimbe wa ndani ya ini una nafasi nzuri ya kutulia. Asilimia 10 ni kilo 82.8, kiwango ambacho hata makovu yanaweza kurudi nyuma. Utafiti wa Kuba uliochapishwa 2015 ulifuatilia wagonjwa 293 kwa wiki 52, na wengi wao wakapimwa kwa kipande kidogo kilichotolewa kwenye ini mwanzo na mwisho. Kati ya waliofika asilimia 10, tisa katika kumi uvimbe uliondoka, na karibu nusu makovu yao yalipungua. Lakini waliofika huko walikuwa takriban mmoja katika kumi. Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyotufanya tupange mwaka mzima. Njia za kupunguza uzito zinajulikana, kinachowashinda watu ni muda.

Mwembamba mwenye ini lenye mafuta yupo pia, na kwake asilimia 3 hadi 5 mara nyingi hutosha.

Onyo moja kabla ya kuanza. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya aina ya glibenklamidi asipunguze wanga kabla daktari hajarekebisha dozi, kwa sababu sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Na mwenye ini lililokwisha kusinyaa kwa makovu hafuati shajara hii. Yeye anahitaji protini zaidi, kitafunwa kabla ya kulala, na hapaswi kukaa muda mrefu bila kula.

Wiki ya 1: sukari ya kunywa

Tumeanza na kitu kimoja tu. Mhusika alikuwa anakunywa soda mbili za mililita 330 kwa siku na vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko viwili vidogo vya sukari. Soda moja ina takriban gramu 35 za sukari. Mbili ni gramu 70, chai inaongeza 24. Jumla gramu 94, karibu kalori 375 kila siku, na hakuna hata moja iliyomshibisha.

Sukari ya kunywa inakuja kwanza kwa sababu ya fruktosi. Glukosi hutumiwa na mwili mzima, lakini sehemu kubwa ya fruktosi hushughulikiwa na ini. Ikimiminika kwa wingi na kwa haraka, ini linaigeuza kuwa mafuta palepale. Juisi ya matunda haina nafuu: mililita 250 hubeba takriban gramu 25 za sukari, hata kama imekamuliwa nyumbani. Asali nayo, karibu asilimia 40 yake ni fruktosi. Tunda zima ni jambo jingine, kwa kuwa nyuzinyuzi zake hupunguza kasi na mtu hushiba mapema. Mawili au matatu kwa siku yanaruhusiwa.

Soda imekatwa siku moja. Sukari ya chai imeshuka kwa nusu kijiko kila siku tatu, maana ulimi huzoea ukipewa nafasi. Pombe imesimamishwa kabisa kwa mwaka wote.

Mizani Jumatatu asubuhi, baada ya haja na kabla ya kula: 90.5. Kilo moja na nusu kwa siku saba inafurahisha, lakini nyingi yake ni maji. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu tatu za maji. Akiba ikipungua, maji yanatoka. Tumeandika "maji" kando ya namba ili wiki ya pili isimvunje moyo.

Wiki ya 2: chupa ya mafuta

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni mililita 15, takriban kalori 120. Haijalishi ni mafuta gani. Ya zeituni, ya alizeti, ya kanola yanafaa zaidi kuliko siagi na samli kwa moyo na kwa ini, lakini kalori ni karibu zilezile.

Hapa makadirio ya mkono hayafai kitu. Anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa atasema "kidogo tu", na pima yake itatoka vijiko vitatu. Tumebandika utepe kwenye chupa na kuandika tarehe. Nyumba ya watu wanne, vijiko viwili kwa mtu kwa siku, ni mililita 840 kwa wiki, na hiyo ndiyo bajeti. Chupa ilipovuka alama siku ya nne, sababu ilipatikana: mafuta ya kukaangia yaliyokuwa yakibaki kwenye karai na kurudishwa kwenye chupa nyingine hayakuwa yakihesabiwa na mtu. Ukaangaji wa kuzamisha umeondolewa. Kitunguu sasa kinaiva kwa kijiko kimoja cha mafuta na maji kidogo kidogo, sufuria ikiwa imefunikwa.

Kutoka vijiko vinne hadi viwili kwa siku, mhusika ameacha kalori 240. Pamoja na sukari, upungufu ni kama kalori 600, na bado hatujagusa sahani yake.

Wiki ya 3 na ya 4: sahani na miguu

Sahani ya kipenyo cha sentimita 23. Nusu mboga zisizo na wanga, robo protini, robo wanga, na wanga ukiwa wa nafaka isiyokobolewa inapowezekana. Kiasi cha wanga uliopikwa kisizidi ngumi ya mlaji mwenyewe. Ujazaji huanza na mboga. Ukianza na wanga, robo itakuwa nusu kabla mboga hazijafika.

Protini tumeilenga gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito unaotafutwa, kwa hiyo kama gramu 83 hadi 100 kwa siku. Yai lina gramu 6, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa takriban 15, gramu 100 za samaki aliyepikwa kama 22 hadi 25. Protini ikipungua, mwili unaopungua unakula misuli yake, na misuli ndiyo inayotumia sukari ambayo ingeishia kwenye ini. Mwenye figo dhaifu aulize kwanza.

Kosa la wiki ya tatu lilikuwa letu: nyuzinyuzi zilipandishwa kwa pupa. Maharagwe, mboga za majani na nafaka nzima viliingia siku moja, tumbo likajaa gesi. Lengo la gramu 25 hadi 30 kwa siku lifikiwe kwa kuongeza kama gramu 5 kila wiki, na maji ya kutosha. Maharagwe yalowekwe usiku na maji yake yamwagwe.

Kutembea: dakika 20 kwa siku tano wiki ya tatu, dakika 30 kwa siku tano wiki ya nne. Hiyo ni 150 kwa wiki. Mwendo uwe wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Mazoezi hupunguza mafuta kwenye ini hata mizani isiposogea, na ndiyo maana tunayahesabu peke yake bila kuyapima kwa kilo. Mizani mwisho wa wiki ya 4: 89.1.

Wiki ya 6: ombi la kuharakisha

Mhusika ameona inawezekana na anataka kula mlo mmoja wa kalori 600 kwa siku hadi afike asilimia 10. Jibu ni hapana, na sababu zinastahili kuelezwa vizuri.

Sehemu kubwa ya mafuta yaliyoko kwenye ini haikutoka kwenye sahani ya jana. Utafiti wa 2005 uliofuatilia asili ya mafuta hayo ulikuta takriban asilimia 59 yalitoka kwenye akiba ya mwili, hasa yale yaliyoachiwa na tishu za mafuta na kubebwa na damu, asilimia 26 yalitengenezwa na ini lenyewe kutokana na sukari, na 15 tu yalitoka moja kwa moja kwenye mafuta ya chakula. Anayejinyima kupita kiasi anafungulia akiba yote kwa mpigo, na mafuta hayo yanapitia kwenye ini lilelile linalouguzwa. Kushuka zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki kunaweza kuchochea uvimbe wa ini na kuleta mawe kwenye nyongo. Nusu kilo hadi kilo moja ndiyo kasi tunayoikubali.

Kufunga kula kwa saa maalumu, kwa mfano kula ndani ya saa 8 hadi 10, kunaruhusiwa kama kunamsaidia kupunguza kalori. Hakuna miujiza ya ziada tuliyoiona humo.

Wiki ya 8

87.3. Asilimia 5 imepita. Kiuno 103.

Tumeongeza mazoezi ya nguvu siku mbili kwa wiki: kuchuchumaa na kusimama, kusukuma ukuta, kuvuta kamba ya mpira, kunyanyua nyonga ukiwa umelala chali. Seti mbili za mara kumi. Mwenye kazi ya kukaa asimame kila nusu saa hata kwa dakika mbili.

Wiki ya 12: damu iliyotushtua

ALT imeshuka kutoka 64 hadi 36. AST kutoka 48 hadi 38. Chembe sahani zimebaki 220. Majibu mazuri, kila namba imesogea upande unaotakiwa. Kisha hesabu: 47 × 38 = 1,786. Kipeuo cha pili cha 36 ni 6; 220 × 6 = 1,320. FIB-4 ni 1.35.

Imepanda, na imevuka mpaka.

Angalia hesabu yenyewe ilivyojengwa. AST iko juu ya mstari, ALT iko chini. ALT ikishuka kwa kasi kuliko AST, jibu linakua hata kama ini linapata nafuu. Zaidi ya hapo, AST haitoki kwenye ini peke yake, imo pia kwenye misuli. Tulipouliza, mazoezi makali ya miguu yalifanyika siku mbili kabla ya kutoa damu, na misuli iliyochoka humwaga AST kwenye damu, na ALT kidogo.

Hatukulipuuza jibu hilo, wala hatukulitangaza kuwa ni makovu. Damu imerudiwa baada ya siku saba bila mazoezi ya nguvu, kutembea taratibu tu: AST 31, ALT 36. 47 × 31 = 1,457, gawanya kwa 1,320, ni 1.10. Kwa kuwa namba ya kwanza ilikuwa jirani na mpaka tangu wiki ya 0, daktari ameagiza kipimo cha ugumu wa ini pia. Kipimo hiki kinataka mtu asile kwa saa tatu kabla yake, kwani chakula huongeza damu inayopita kwenye ini na kulifanya lionekane gumu kuliko lilivyo. Jibu: 6.2 kPa (kilopaskali, kizio cha ugumu huo), chini ya 8, ambapo makovu makubwa hayatarajiwi.

Tangu leo kila ombi la kipimo cha damu linaandikwa na sharti: wiki moja bila kunyanyua vizito.

Neno kuhusu ultrasaundi. Mhusika alitaka irudiwe ili aone ini "limesafika". Ultrasaundi ya kawaida hukosa mafuta yakiwa kidogo, chini ya asilimia 20 hivi ya ini, huku mafuta yakihesabiwa kuwa mengi kuanzia asilimia 5. Picha safi haimaanishi kazi imekwisha. Kadhalika ALT ya kawaida, kwani wengi wenye ini lenye mafuta wana ALT isiyo na kasoro yoyote.

Wiki ya 13 hadi ya 17: mizani imegoma

86.2, 86.4, 86.0, 86.3, 86.2. Wiki tano.

Sababu ya kwanza haina kosa la mtu. Mwili wa kilo 86 unatumia nishati kidogo kuliko wa kilo 92, takriban kalori 20 hadi 25 kwa siku kwa kila kilo iliyopungua. Kwa kilo 6 hiyo ni kalori 120 hadi 150 zilizomegwa kutoka kwenye upungufu wa 600. Zilizobaki zingetosha kuendelea kushuka, kwa hiyo tulitafuta zaidi kwa siku saba za kuandika kila kilichoingia mdomoni, kwa kupima na si kwa kukumbuka.

Tulikuta mambo matatu. Alama ya chupa ya mafuta ilikuwa haijabandikwa tangu wiki ya 10. Njugu, chakula kizuri chenye nafasi yake humu, zilikuwa zikiliwa kutoka kwenye pakiti: gramu 30 ni karibu kalori 180, na yeye alikuwa akimaliza gramu 80 akiangalia televisheni. Na usingizi ulikuwa wa muda wa saa tano na nusu tu kwa usiku. Asiyelala vya kutosha hula zaidi kesho yake, na mkoromo wake, pamoja na kusinzia mchana, umetufanya tumpeleke kupimwa kukatika kwa pumzi usingizini, hali inayoandamana sana na ini lenye mafuta.

Marekebisho: utepe umerudi, njugu zinapimwa kwenye kikombe kidogo kabla ya kukaa, kutembea kumepanda hadi dakika 40 kwa siku tano, taa zinazimwa saa nne na nusu usiku. Wanga haukupunguzwa tena. Kukata kitu kipya wakati cha zamani kimelegea ni kujenga juu ya tope.

Wiki ya 24

84.8, sawa na asilimia 7.8. Kiuno 99.

Maswali ya dawa yamekuja. Resmetirom iliidhinishwa Marekani Machi 2024, na semaglutide ikafuata Agosti 2025 kwa ugonjwa huu. Zote ni kwa ini lenye uvimbe na makovu ya kati hadi makubwa, na zote zimeidhinishwa zitumike pamoja na chakula na mazoezi. Ini la 6.2 kPa halihitaji resmetirom. Vitamini E ya dozi kubwa ni uamuzi wa daktari, si wa mtu na duka. Chai na vidonge vya "kusafisha ini" vimekatazwa humu moja kwa moja: dondoo nzito ya chai ya kijani, kwa mfano, imewahi kuwaumiza watu ini hilohilo walilotaka kulisafisha. Dawa za kushusha lehemu za aina ya statini, kinyume na hofu ya wengi, ni salama kwa ini lenye mafuta, na anayeandikiwa asiziache.

Kahawa isiyo na sukari, vikombe viwili au vitatu kwa siku, imehusishwa na makovu machache. Anayeinywa aendelee. Inayomnyima usingizi aiache.

Wiki ya 36

83.9. Hakuna jipya, na hilo ni jambo jema.

Wiki ya 52

83.1. Kilo 8.9, asilimia 9.7. Kiuno 97. ALT 29, AST 27, sukari ya damu imetulia. Asilimia 10 imekosekana kwa gramu 300, na hatutamfunga kula siku mbili ili namba ipendeze.

Kazi ya mwaka wa pili imeandikwa. Mizani kila Jumatatu. Uzito ukifika kilo 85, yaani takriban kilo 2 juu, utepe wa chupa na daftari la siku saba vinarudi wiki hiyo hiyo bila kusubiri kilo ya tatu, kwa sababu mafuta hurudi kwenye ini pamoja na uzito. Kutembea dakika 200 kwa wiki, nguvu siku mbili. Shinikizo la damu, sukari na lehemu kwa ratiba ya daktari. Chanjo ya homa ya ini B kwa asiyekuwa na kinga. FIB-4 ndani ya miaka 2 hadi 3, au mwaka 1 hadi 2 ikiwa kisukari kitajitokeza. Macho yakigeuka manjano, tumbo likijaa maji, choo kikiwa cheusi kama lami, akatapika damu au akachanganyikiwa, hospitali siku hiyo hiyo, na shajara inasubiri.